Njia ya Nne Ilipita Shambani kwa Mama

Shamba la mama yangu lilikatwa vipande viwili na neno moja la Kiingereza. Aliyeliandika ni mimi.

Msinicheke. Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na saba, na kijijini kwetu, huku juu ya Soni, msichana aliyefika kidato cha pili alikuwa Secilia peke yake. Yaani mimi.

Jioni moja baba mdogo Fanueli, mdogo wake marehemu baba, akaja nyumbani na karatasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mzungu anayepima barabara anataka barua ya kueleza pale njia zetu zinapokutana. Kwa Kiingereza panaitwaje?"

Kichwa kikavimba. "Inategemea, baba. Njia zikiwa tatu, 'junction'. Zikiwa nne zinazokatana, 'crossroads'."

"Basi andika hilo la nne."

"Mbona zetu ni tatu?"

"Na hii ya kwenu je?"

Hii ya kwetu ilikuwa kijia cha kuteremkia mtoni, katikati ya migomba ya mama. Ukikutana na mtu mwenye ndoo, mmoja anaingia kwenye maharage kumpisha.

"Njia ni njia," akacheka. "Au ninyi wasomi mnadharau njia za mama zenu?"

Nikaandika "crossroads". Nikaweka na jina langu chini, kwa mwandiko wa kujidai. Mama akampa shemeji yake mkungu wa ndizi aondoke nao.

Mwezi haukuisha, vikaja vigingi, kisha tingatinga. Migomba ikalala, maharage yakafukiwa. Barabara ikavuka mto, ikaenda kuishia kwenye shamba la iliki la baba mdogo.

Mama akaanza kuokota ndizi zilizopondeka, moja moja. Bora angenichapa.

Nikakimbia kwa yule mzungu, Kiingereza kinanitetemeka mdomoni. "Hapa njia ni tatu! Nilikosea!"

Akanionyesha ramani yake. Njia tatu, kazichora mwenyewe.

"Hata mimi nilimwambia baba yako mdogo ni tatu," akasema. "Nikamwambia sipitishi barabara kwenye shamba la mjane bila neno kutoka nyumbani kwake. Kesho yake akaniletea barua yako, kwamba ya nne ipo tayari, inapita kwenu."

"Mlielewanaje? Baba mdogo hajui Kiingereza."

Mzungu akanishangaa. "Yule? Anakijua kuliko wewe! Alikuwa karani wa Waingereza kwenye chai, kule Kwamkoro."

Sisi alituambia alikwenda kuchuma majani.

Kumbe jioni ile maneno yote mawili aliyajua. Alichokosa ni mkono wangu tu. Aliniuza, jamani, na shikamoo yangu akaiitikia.

Leo nina wajukuu, na ninawaambia hivi: mtu akikusifia usomi wako huku ameshika karatasi, muulize kwanza karatasi hiyo inakwenda wapi.

Mama hakuniuliza lolote hadi anafariki. Aliendelea tu kwenda mtoni na ndoo yake, anasimama, anatazama kushoto na kulia, ndipo avuke, ndani ya shamba lake mwenyewe.