Shingila Kwenye Viroba vya Mlungulungu

Mpaka leo sijui niseme nilinyamaza kwa heshima au kwa woga. Nimeliandika jambo hili kwenye daftari, nikafuta, nikaandika tena. Acha nieleze ilivyokuwa, bila kumwonea mtu.

Sisi wanawake wa kikundi tulikuwa tunavuna gome la mlungulungu kwenye kilima cha kijiji, huku upande wa Segese. Ni mti wa miiba, gome lake lina manundu, na watu wanalichemsha kwa homa na kikohozi. Mimi nilikuwa katibu, si kwa akili, ila nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka. Aliyetuongoza hasa ni bibi mmoja tuliyemwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Ndiye aliyetufundisha kubandua gome upande jua linakochomoza na upande linakozama, basi. Pande mbili zilizobaki unaziacha, mti uishi. Kazi ya polepole mno. Tulinung'unika, lakini miti tuliyoanza nayo bado ilikuwa imesimama, na hilo siwezi kumnyima.

Mwaka huu wachimbaji wadogo wakaokota mawe yenye dalili ya dhahabu chini ya kilima. Serikali ya kijiji ikatuita. Mwenyekiti alisema wazi, na sikuona ubaya wake.

"Mama zangu, kilima kitabaki kwenu kama kinaleta kitu kijijini. Tuonyesheni mauzo ya msimu huu. Mkikosa, tutawakubalia wenye sururu."

Tukavuna kweli. Tukaanika kivulini nyumbani kwangu, tukajaza viroba mpaka nusu ya chumba. Mnunuzi wetu alikuwa kijana mwenye duka la dawa za asili kule Nyahanga, Kahama. Alishatuambia zaidi ya mara moja: gome tupu, kavu, lisichanganywe na kitu.

Siku moja kabla hajaja nilitoka kisimani nikamkuta mayu chumbani, kwenye vile viroba. Anafungua, anatia konzi ya mzizi uliopondwa, anavuruga kwa mkono, anafunga. Mzizi wenyewe niliujua, maana nilishampita porini akiuchimba.

"Mayu, mnunuzi alikataza kuchanganya."

"Nani anachanganya? Naweka shingila."

Shingila kwetu ni kile kidogo kinachoifungulia dawa mlango. Dawa bila shingila, wazee wanasema, ni kuni.

"Watu wa mjini watakunywa maji ya kuni," akasema, "halafu watasema Wasukuma waongo. Ndiyo unataka?"

Sikutaka. Viroba viwili vya mwisho nilimshikia mimi akafunga. Hilo nalo liandikwe.

Kesho yake kijana akaja na pikapu. Akamwaga kiroba cha kwanza kwenye turubai, akachambua kwa vidole, akanusa. Akamwaga cha pili, na cha tatu.

"Mama zangu, hiki kingine ni nini?"

Mcheshi wa kikundi chetu akadakia, "Nyongeza hiyo, mwanangu. Kwani wewe dukani hutoi nyongeza?"

"Natoa ninayoijua jina, mama."

Hakupandisha sauti. Alisema hakatai mzigo, tumtajie tu huo mti. Akaulize wanaojua, na kama haudhuru atauandika kwenye pakiti na kuchukua viroba vyote. "Nikiuza nisichokijua, mtu akadhurika, nitakamatwa mimi. Nyie hamtakuwepo."

Yalikuwa maneno ya haki. Wote tukamgeukia mayu.

"Shingila haitajwi," akasema. "Ukiitaja imekufa."

"Sasa bibi, mimi nitakuwa nimenunua nini?"

"Dawa."

"Mnong'oneze tu, mayu," mcheshi akambembeleza. "Sikioni."

"Sikio la mwenye duka lina mdomo."

Kijana akanitazama mimi. "Katibu, na wewe hujui?"

Jina lilikuwa mdomoni kabisa. Nikawaza, hili jina si langu kulitoa. Nikawaza tena, na kilima si chake peke yake. Nikawa katikati hapo kama mbuzi aliyefungwa kamba mbili.

"Sijui," nikasema.

Pikapu ikaondoka tupu.

Tulikaa siku nne tukichambua. Mzizi ulikuwa umeingia kwenye manundu, rangi ile ile ya gome, unachambua hiki unakiacha kile. Nikampigia simu kijana. Akaniuliza kwa upole, "Hata mkimaliza, mama, nitajuaje kwamba mmemaliza?" Angenijibu kwa matusi ningepumua zaidi.

Mwenyekiti alipotuita tena, akauliza mauzo yako wapi. Wenzangu wakaanza kumlaumu mnunuzi, kwamba ana maringo ya mjini. Nikaona hapana, kijana wa watu hajakosa. Nikasimama. Nikasema kulikuwa na kitu ndani ya viroba, kwamba nilikiona kikitiwa, nilisaidia kufunga, jina lake nalijua, na nilimdanganya mnunuzi. Jina lenyewe sikulitaja hata hapo.

Yule mcheshi safari hii hakuwa na mzaha. "Ulilijua? Tumechambua siku nne vidole vinatoka damu, na wewe umekaa nalo? Ungemwita pembeni, nani angekuona?"

Nikamtazama mayu, nadhani nilitegemea anishukuru kwa kulificha. Alikuwa anafunga kanga yake aondoke.

"Kumbe ulikuwa unanichungulia porini," akasema.

Basi nimekosa huku na kule. Usiku nikijitetea nashindwa, nikijilaumu pia nashindwa, kwa sababu kila mmoja wao nikimchukua peke yake namwona ana haki. Ningepata hata mmoja mwovu ningelala.

Wachimbaji walipanda kilimani wiki iliyofuata. Nilikwenda kuona. Maduara yao, yale mashimo ya kushuka chini, tayari yalikuwa matatu, na kuta za duara zinahitaji magogo ya kuzishikilia zisibomoke. Walikuwa wanakata mlungulungu kuanzia shinani. Nilimuuliza mmoja kama hawawezi kutafuta mti mwingine.

"Huu uko karibu, mama. Na shimo bila magogo linatufukia."

Nikamwambia ni kweli. Mwenzake akawa anashuka na shina begani, kwenye njia yetu ile nyembamba.

"Pisha, mama, lina miiba."

"Naijua," nikasema, nikampisha.