Pete Niliyoiosha

Mabinti wa mtaa wetu, huku Mbezi Luis, wakichumbiwa huniletea pete niwaangalizie. Sijui nani alieneza habari kwamba naweza. Wengine hutumwa na mama zao: "Nenda kwa yule mama asiyeolewa, baba yake alikuwa mtu wa almasi." Binti hufika mlangoni, anasema shikamoo huku ameficha mkono nyuma kama aliyeiba embe. Nawaangalizia. Nyingi ni vioo, na wanaume waliozileta wanajua hivyo vizuri kabisa. Nasema, "Nzuri, mwanangu, ivae." Nimeacha kusema ukweli kuhusu pete za watu. Ukweli wa namna hiyo ulishaninyang'anya mume, sina haja ya kuwagawia wengine.

Baba yangu alichambua almasi mgodini, kule Shinyanga, kwa miaka karibu thelathini. Alikaa mbele ya meza iliyotandikwa karatasi nyeupe, kibano mkononi, lenzi jichoni, akitenga mawe: haya ya vito, haya ya viwandani, ya kutobolea chuma. Jioni alipekuliwa mpaka kinywani na masikioni ndipo aruhusiwe kwenda kula ugali na wanawe. Hakuwahi kumiliki hata punje moja. Alipostaafu alituhamishia Dar akiwa na kitu kimoja tu cha kazini, ile lenzi, na kazi yenyewe ikamfuata nyumbani. Ukimletea ripoti ya shule, aliisogeza dirishani akatafuta kwanza alama mbaya. Ukimpa chai, aliinua glasi kwenye mwanga kabla ya kunywa. Mama alikuwa akisema mume wake amelipwa kwa kuona ubaya mpaka hawezi tena kuona kitu kingine.

Mimi ndiye niliyeketi karibu naye. Jumapili baada ya ibada alinifundisha kwa vipande vya chupa na chumvi ya mawe, maana almasi hatukuwa nayo. Jiwe likaguliwe likiwa safi, alisema, na lisikaguliwe juani, kwa sababu mng'ao ni mwongo. Sogea dirishani, weka karatasi nyeupe nyuma yake. Lipumulie: ukungu ukikawia, umeshika kioo, ukitoweka papo hapo, endelea kutazama. Usilitazame kwa juu tu kama mnunuzi mjinga, litazame ubavuni, uligeuze polepole. Nukta nyeusi au kawingu katikati vinaudhi macho, lakini jiwe litaishi. Ufa unaoanzia ukingoni na kuingia ndani ndio wa kuogopa. "Doa ni la mtazamaji," alikuwa akisema, "ufa ni wa jiwe lenyewe." Nilizikariri sentensi hizo kuliko aya za Biblia.

Mchumba wangu alikuwa fundi wa majokofu Temeke. Mtaratibu, mcheshi, anayejua kunyamaza kwa wakati wake. Mama yake alifariki yeye akiwa sekondari, akalelewa na shangazi yake Vingunguti. Siku chache kabla ya ujumbe wao kuja nyumbani kuleta posa na pete, alinipa ile pete niipeleke kwa sonara ipunguzwe, maana ilinipwaya.

"Ni ya mama," aliniambia. "Baba alimnunulia enzi zile anaendesha malori ya kanda ya ziwa. Alilipata wapi jiwe, mie sijui. Mama alikuwaga anapika maandazi ya kuuza, na hii pete hajaivua hata siku moja. Shangazi ndiye aliyeivua, siku ya msiba."

Katika maneno yote hayo, masikini mimi, nililoshika ni moja: alilipata wapi, sijui. Baba hakuwa na utani na mawe yaliyopita mlango wa nyuma. Mtu aliyepekuliwa kinywa miaka thelathini asingecheka na dereva wa lori mwenye almasi. Nikaamua kwamba nyumbani nitasema ni pete, basi. Imetoka wapi, haiwahusu.

Jiwe lilikuwa limefifia, limefunikwa utando wa kijivu. Almasi haipendani na maji, inapendana na mafuta. Ndiyo maana mgodini huinasa kwa grisi. Mikono ya mpika maandazi ilikuwa imeipaka mafuta na unga kwa miaka, na chini ya jiwe, kati ya kucha za dhahabu zinazolishikilia, kulikuwa na utomvu mgumu wa rangi ya chai. Niliiosha kama nilivyofundishwa. Bakuli la maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, kamwe si dawa ya kung'arishia nguo, na kamwe si juu ya sinki lenye tundu wazi. Niliiloweka nusu saa, nikaisugua kwa mswaki laini wa mtoto, hasa kwa chini ambako watu husahau. Maji yakachafuka. Niliyamwaga uani kwenye mchicha, nikaisuuza katika bakuli la pili, nikaikausha kwa kitambaa cha pamba.

Iling'aa mpaka nikacheka peke yangu. Kisha nikaisogeza dirishani, kwa mazoea tu, nikauona ufa. Ulianzia ukingoni ukaingia ndani kama unyoya mwembamba mweupe. Uchafu ulikuwa umeuficha, nami ndiye niliyeufunua.

Sonara wa Temeke naye aliuona. Mzee yule alikuwa na busara kuliko mimi. "Dada, nikishapunguza pete, nikuzungushie na jiwe," alisema. "Ufa ukae chini ya kucha. Hautaonekana, na kucha itaukinga usigongwe. Kazi ya nusu saa." Nilimjibu kwamba kuficha ufa ni wizi. Sijui nilikuwa namwibia nani, pete yangu mwenyewe. Alinitazama, akapunguza pete, akanirudishia, nami nikamrudishia mchumba ikiwa bado kwenye bahasha ya sonara, akampa shangazi yake bila kuifungua, kwa ajili ya siku yenyewe.

Siku hiyo mimi nilikuwa chumbani nimefunikwa khanga, nikisubiri kuitwa, mlango umerudishwa tu. Mchumba hakuja, maana posa hupelekwa na wazee. Nilisikia yote. Nilisikia sinia lenye maua na pete likiwekwa mezani, nikasikia vigelegele vya mama zangu wadogo. Mshenga wao alikuwa mtu wa maneno mengi. "Mzee," alimwambia baba, "tunasikia wewe ni mtaalamu. Kagua basi, usije kusema sie tumekuletea bati!"

Watu wakacheka. Alikuwa anatania, kila mkwe hujibu utani huo kwa utani. Baba yangu pekee, katika wakwe wote wa Dar es Salaam, ndiye aliyeambiwa kagua akakagua. Nilisikia kiti kikiburuzwa kuelekea dirishani. Nilisikia akipumua juu ya jiwe. Ningeweza kutoka wakati ule. Kicheko kilipungua kidogo kidogo, mpaka sebule nzima ikawa inasubiri mtu mmoja.

"Ni almasi," alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikadhani atasifu kitu. "Ila ina ufa. Unaanzia hapa, unaingia ndani. Ikigongwa vibaya, inapasuka. Mezani kwetu hili lingeenda kwenye bakuli la mawe ya kutobolea chuma. Mwambieni aliyewauzia awabadilishie."

Kisha nikasikia sauti ya shangazi wa mchumba wangu, ya chini, isiyo na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Hiyo ni pete ya marehemu mama yake, Mzee. Aliyeinunua naye yuko kaburini." Mama aliniambia baadaye kwamba aliichukua mkononi mwa baba, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Akashukuru kwa chai. Waliondoka hata wali haujapakuliwa.

Mchumba wangu alikuja siku iliyofuata, akakataa kuingia ndani. Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu baba mpaka jua lizame. Hakumtaja baba hata kidogo.

"Shangazi anasema ilikuwa inang'aa," alisema. "Nani aliiosha?"

"Mimi."

"Ule ulikuwa unga wa mama," alisema. "Nilikuwaga naitazama pale chini ya jiwe, namwona. Ungeniuliza."

Nilifikiria mchicha uani, na hasira ikanipanda, hata nikamwambia kwamba uchafu ni uchafu. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyefungua jokofu akakuta limeungua kabisa, akaenda zake. Alioa baadaye, nasikia yuko Mbagala na watoto wanne.

Hasira yote nilimpelekea baba, kimyakimya. Nilimpikia, nilimfulia, mimi na yeye tulimzika mama, na miaka yote hiyo sikumtajia pete. Macho yake yaliisha kwa presha ya macho. Sasa hukaa barazani, lenzi mfukoni, akiipangusa kwa pindo la shati.

Juzi Jumamosi asubuhi alikuja binti mwingine. Nikaipumulia pete yake, nikaigeuza, nikasema nzuri, safi kabisa.

"Hakuna jiwe safi kabisa," baba alisema kutoka kwenye kiti chake. "Yote yana kitu. Nilikufundisha."

Ndipo likanitoka. "Kama yote yana kitu, Baba, kwa nini ulilisema la kwangu?"

Binti aliinamisha macho kwenye kandambili zake. Baba aliuelekeza uso nilipo, lakini pembeni kidogo.

"Nilijua wameuziwa dukani," alisema. "Nilitaka wabadilishiwe, upate jiwe zima. Ningejua ni ya marehemu mama yake, ningesema nzuri. Mimi si mnyama." Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua. "Kwani mwanangu, wewe ulikuwa hujui?"

Nilimrudishia binti pete yake. Nikamwambia asiivae akikanda unga, na akitaka kuiosha amuulize kwanza aliyempa. Baba alikuwa bado anasubiri jibu. Niliingia ndani kumkorogea uji.