Moto katika Sebule ya Tajiri

Juzi, nikitoka Njombe kurudi kwangu Makambako, nilishuka njiani nikapanda kilima kwenda kuiona ile nyumba. Sasa ni shule, ndugu yangu. Sebuleni, zilipokuwa sofa za tajiri wa kiwanda cha kusindika magome ya miti ya miwati, wamejaa watoto wa darasa la kwanza wanaimba silabi.

Bibi yangu alikuwa mpishi humo. Sisi wajukuu tuliishi naye kwenye kibanda cha uani, tukisubiri kingo za mkate zilizoungua, tamu kuliko mkate wenyewe. Kisha kiwanda kikafungwa. Tajiri akapakia mizigo, akamwambia, "Mama, nitarudi. Nitunzie nyumba."

Bibi aliamini. Kila siku alipiga deki vyumba visivyo na mtu, huku sisi tukila viazi vya kuchemsha bila chumvi. Jirani alimsihi, "Huyo harudi, mama. Ingieni humo ndani, baridi itawaua."

"Nyumba si yangu," Bibi alijibu.

Mwezi wa saba, ukungu ulipokuwa haupandi hadi mchana, mdogo wangu alishikwa na kichomi. Hospitali ilikuwa mbali, na gari la kiwanda lilishaondoka. Bibi alimkanda, akamfunika kwa khanga zake zote na koti. Mtoto akazidi kutetemeka. Ndipo akachukua ufunguo. Tulimlaza sebuleni, mbele ya meko ya ukutani. Kuni zilikuwa mbichi, hazikushika. Bibi akavunja kiti cha tajiri kwa shoka, akawasha.

Joto lile! Mdogo wangu akafumbua macho, akatazama dari.

"Bibi, tumekuwa matajiri?"

"Ndiyo, mwanangu. Lala."

Hakuamka tena.

Bibi alikabidhi ufunguo kwa mwenyekiti wa kijiji, na nyumba ilipogeuzwa shule hakwenda hata kuchungulia. "Ningemwingiza mtoto humo siku ya kwanza," alisema hivyo hadi anakufa.

Kibanda chetu hakipo. Miwati imekatwa, na kiwanda ni kuta tu zilizoota nyasi. Nilisimama dirishani nikiwatazama wale watoto, mpaka mwalimu akatoka.

"Kamwene, baba. Umekuja kumchukua mtoto gani?"

Sijui nini kilinipata. Nikamtajia jina la mdogo wangu.

"Subiri kidogo," akasema, akaingia kumwita.