Friji la Kumkomoa Jirani

Nina wivu. Sijazaliwa jana, najijua. Nimewahi kumwonea wivu wifi yangu kwa ajili ya seti ya sufuria, na fundi mwenzangu wa cherehani kwa sababu mteja mmoja alisifu matundu yake ya vifungo mbele yangu. Lakini wivu ninaotaka kuusimulia ni ule niliomwonea jirani yangu wa mtaani kwetu, Bombambili, kwa sababu huo ulibakiza kidogo tu uniulie mtoto.

Binti yangu, wa pekee, aligundulika na kisukari akiwa na miaka kumi na moja. Si kile cha watu wazima ambacho unaambiwa punguza wali, tembea kwa miguu. Chake ni kile ambacho mwili umeacha kabisa kutengeneza insulini, kwa hiyo ni sindano asubuhi na jioni, siku zote, Krismasi na Pasaka zikiwemo. Nesi wa kliniki alitufundisha kuchoma, akatukabidhi vichupa, akasema, "Mama, hivi vitunzwe kwenye ubaridi." Nikaitikia. Nyumbani kwangu ilipofika Oktoba bati lilikuwa linawaka mpaka mishumaa inapinda kabatini. Mwenye friji alikuwa jirani.

Jirani huyu ni mjane, kanizidi miaka kama kumi, kwao Nalasi, kule Tunduru kwenye korosho. Mume wake alifariki kwa sukari hiyohiyo. Nilipomweleza shida yangu hakuuliza swali hata moja. Alitoa kikopo cha plastiki chenye mfuniko, akavifunga vichupa kwa kitambaa safi, akakiweka kwenye rafu ya mlangoni. Umeme ukikatika alikihamishia kwenye chungu chenye mchanga mbichi. Halafu akatoa mashine ya kupimia sukari iliyokuwa ya marehemu, akasema, "Mtoto awe anakuja kuchoma hapahapa na kupima, Inshallah tutaangaliana."

Haya, wakaangaliana! Asubuhi kabla ya shule, jioni baada ya shule. Mara ya kwanza mtoto alikaa dakika tano. Baada ya mwaka alikuwa anakaa saa nzima. Alirudi ananukia udi. Alirudi amesukwa nywele, mimi nilikuwa nimepanga kumsuka Jumapili. Siku moja akaniambia, "Mama, mamkubwa amesema mboga ya maboga usiweke nazi nyingi." Mamkubwa! Nikamwuliza, mamkubwa gani, mimi nina dada? Nikasonya, nikakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Niseme ukweli wote. Jirani hakunifanyia ubaya wowote. Angenifanyia ubaya ningepumua, ningekuwa na la kusema. Alikuwa mwema tu, kila siku, na mwanangu alivicheka vichekesho vyake, na kicheko kile nilikisikia kupitia ukuta nikiwa nashona sare za watu. Nilikaa pale nikijiambia: mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye ninayelala macho wazi akikohoa, lakini uhai wake uko kwenye mlango wa friji la mwanamke mwingine. Iliniuma, jamani. Iliniuma kama njaa.

Zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo wa akina mama ilipofika, sikununua kitambaa wala uzi. Nilinunua friji. La mtumba, dogo, la mlango mmoja, jeupe, na ndani upande wa juu lina kile kisanduku cha kugandishia. Nililipitisha mbele ya nyumba ya jirani kwenye toroli polepole kuliko ilivyohitajika. Jioni ileile nikabisha hodi, nikasema, "Dada, asante, nimekuja kuchukua vitu vya mtoto." Akanipa kikopo. Akataka kunielekeza jambo, "Ukiviweka, angalia tu visi..." Nikamkatiza. "Najua, dada. Friji ni friji." Akaniuliza, na mashine je? Nikamwambia tutanunua yetu. Hatukununua.

Nilifika nyumbani nikavitoa kwenye kile kikopo chake, sikutaka hata kikopo chake, nikavipanga juu kabisa, kwenye barafu. Nesi alisema ubaridi. Nami nikampa mwanangu ubaridi wote niliokuwa nao.

Asubuhi binti yangu alifungua mlango, akatoa kichupa, akakishika mkononi muda mrefu. Akakisugua viganjani. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaniangalia. Mimi nilikuwa nafuta mlango wa friji kwa kanga, nachekacheka peke yangu kama bibi harusi. "Vipi," nikamwambia, "si safi hiyo? Huhitaji tena kwenda kwa watu." Akasema, "Safi, mama." Akasubiri kidogo, akachoma, akaenda shule.

Siku ya pili alikunywa maji jagi zima akaomba jingine. Nikasema ni joto. Siku ya tatu aliamka kwenda chooni mara nyingi, mchana mwalimu akamrudisha amechoka. Nikasema ni mitihani. Jumamosi, siku ya nne, aliamka anatapika na tumbo linamkata. Hakutaka hata uji. Nikamzuia asichome sindano, maana kwa akili zangu, mtu hajala chochote, sukari itoke wapi? Nikainama kumfuta mdomo. Pumzi yake ilinuka kama embe lililoiva likapitiliza.

Nilichofikiria wakati ule naona aibu kukiandika. Sikufikiria ugonjwa. Nilifikiria: amekwenda kwa yule mama kwa siri, kamlisha maembe. Hata friji halikusaidia! Nikavuka uzio hivyohivyo na kanga moja. Jirani alikuwa anapepeta mchele uani.

"Umemlisha nini mtoto wangu? Ananuka maembe mpaka kooni, anatapika ndani! Huna wa kwako mpaka uniharibie wangu?"

Ndivyo nilivyosema. Hana wa kwake kweli, na nililijua hilo.

Ungo ukamponyoka. "Ananuka nini?" Nikarudia. Hakunijibu tusi. Alinipita mbio, peku, mchele umemwagika nyuma yake, na nilipofika mlangoni alikuwa ameshapiga magoti kitandani, pua yake kwenye mdomo wa mwanangu. Mtoto alikuwa anahema kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyepandisha mlima, naye kalala tu.

"Anahema hivi tangu lini?" akaniuliza. Akarudi kwake akaleta mashine, akamtoboa kidole. Mashine haikutoa namba. Ilisema tu kwamba imezidi kipimo chake. Akaketi sakafuni kidogo. "Marehemu wangu alinuka hivi," akasema. "Nikadhani malaria. Nikamfunika blanketi alale. Wewe usimfunike wako. Kichupa kiko wapi?"

Nikafungua friji. Aliona vile vichupa vimekaa kwenye barafu, kimoja ndani yake kumefanya vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Alifunga mlango taratibu. "Ita bajaji," akasema, basi.

Ndani ya bajaji kichwa cha binti yangu kilikuwa kwenye mapaja yake, miguu kwangu. Na hata pale, Mungu anisamehe, nilitamani kichwa kiwe kwangu.

Hospitalini walimtundikia dripu, insulini ikapitia mshipani, wakawa wanampima kila saa. Daktari alitueleza taratibu. Mwili ukikosa insulini hauwezi kutumia sukari hata ikiwa imejaa kwenye damu, kwa hiyo unaanza kuchoma mafuta, na mafuta yale yanaacha sumu ya tindikali. Ndiyo kutapika, ndiyo kuhema, ndiyo ile harufu. Akasema kuugua si sababu ya kuacha sindano. Hata asipokula, insulini haiachwi. Apewe maji, apimwe kila mara, na akianza kutapika aletwe haraka. "Mngechelewa hadi jioni..." akasema, akaacha hapo.

Kisha akauliza, "Dawa mnaitunza wapi?"

"Kwenye friji," nikasema.

"Sehemu gani ya friji?"

Nilimwangalia jirani. Alikuwa na nafasi yake, haki yake, ya kunimaliza pale mbele ya madaktari na wagonjwa. Alikuwa anatazama dripu inavyodondoka. Nikasema mwenyewe, "Juu. Kwenye barafu." Daktari akatikisa kichwa. Insulini ikiganda imekufa, akasema, hata ikiyeyuka inakuwa maji tu. Kwa siku tatu mwanangu alikuwa anajichoma maji.

Aliruhusiwa baada ya siku tano. Tulipewa vichupa vipya, na sikufika hata nyumbani. Nilisimama kwa jirani, nikasema, "Shikamoo, dada," nikampa kwa mikono miwili. Alikuwa amekiosha kile kikopo. Nilimwomba radhi kwa lile neno la kutokuwa na mtoto. Akasema, "Tumeshamaliza, alhamdulillahi," akaenda kuwasha jiko. Friji langu sasa linagandisha barafu za kuuza, na bado nikisikia kicheko ukutani moyo unaniruka. Sijapona. Nimejifunza tu kukaa na ugonjwa wangu, mwanangu na wake.

Lakini si hilo linaloniamsha usiku. Jumapili moja nilikuwa namsuka uani, kichwa chake katikati ya magoti yangu, nikaona nimwambie. Nikasema mwanangu, mimi ndiye niliyeigandisha dawa. Mamkubwa wako alitaka kunielekeza nikamkatiza. Ni wivu tu. Nisamehe.

Nikamaliza mstari wa nywele, nikashika mwingine.

"Nilijua, mama," akasema. "Kliniki walitufundisha sisi watoto isigande. Niliona barafu ndani asubuhi ile ya kwanza."

Mikono yangu ikasimama. "Sasa ulichoma kwa nini?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema.