Wazee wa Kuangaliwa

Siku ya kwanza nilifika ofisini kwa naibu wa chifu nikiwa nimevaa shati la kanisani. Kamati ya amani ya kijiji chetu, upande wa Marani, ilitaka karani, nami nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane tu. Naibu wa chifu aliniuliza maswali mawili. Yote nilijibu kwa kutikisa kichwa.

"Huyu haongei?" akamuuliza mwenyekiti wetu, Mama Nyanchama.

"Haongei. Ndiyo maana nimemleta. Wanaoongea tunao wa kutosha."

Kazi yetu ilikuwa kuzuia watu wasiuawe kwa kusingiziwa uchawi. Kwetu wanaosingiziwa huwa wazee, hasa wajane. Kamati haikungoja moto uwake. Tulitafuta dalili: mtu ameacha kusalimiwa, ndizi zake hazinunuliwi, watoto wanakatazwa kupita kwake. Dalili hizo nilizisikia kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, wakulima wakingoja lori, nikaziandika polepole katika daftari. Kisha Mama Nyanchama alikwenda kuzungumza na familia za watu hao mapema.

Mwaka wa pili, mtoto wa Baba Moraa, mkulima jirani, alikufa kwa homa. Uvumi ukaanza. Niliandika majina ya wazee watano ambao kamati ingewatembelea kila siku, na juu yake nikaweka kichwa: WAZEE WA KUANGALIWA. Nilimaanisha kutunzwa. Daftari nikalisahau kituoni, kando ya mizani.

Kijana mmoja akalisoma kwa sauti. "Kumbe hata serikali inawaangalia hawa!"

Neno ni lile lile, lakini wao walisikia kuchunguzwa. Kufika saa sita mchana, daftari langu lilikuwa orodha ya wachawi, na jina la kwanza lilikuwa la Magokoro Bosibori. Magokoro ni nyanya, kwa Kikisii.

Nilikimbia kwa Mama Nyanchama, nikamwambia tumpeleke Magokoro kituo cha polisi.

"Ukimtoa kwake leo, watasema amekamatwa. Hatarudi tena," akasema. "Naibu wa chifu nimempigia simu, anakuja na askari. Sisi twende tukale."

"Tukale?"

"Kwake. Watu watuone."

Nikaelewa. Kwetu, mtu anayeogopwa hivyo hakuna anayekula chakula cha mkono wake.

Tulikwenda wanne wa kamati. Magokoro alitupikia ugali na chinsaga, mboga yetu chungu. Tulikaa nje uani. Tulikuwa hatujamaliza walipofika na marungu na mtungi wa petroli, Baba Moraa mbele yao.

"Baba Moraa, karibu. Nawa mikono," Mama Nyanchama alisema bila kusimama.

"Mama, sikuja kula. Toka hapo."

"Nitoke niache ugali wa moto? Hunijui."

Hakuna aliyecheka. Baba Moraa akanigeukia. "Wewe ndiye uliandika jina lake. Sema uliona nini."

Nilisimama, tonge likiwa bado mdomoni. Sikuwahi kusema mbele ya watu wengi.

"Sikuona kitu," nikasema. "Niliandika kwa sababu nilijua mtakuja. Niliwaogopa nyinyi, si yeye."

 Baba Moraa akaketi kwenye nyasi, akalia kwa sauti, kama mtu ambaye hakulia siku ya mazishi. Waliomfuata wakaondoka mmoja mmoja. Askari walipofika, walikuta mtungi njiani, hauna mwenyewe.

Tangu siku hiyo kamati haikuandika tena majina. Niliitumikia miaka sita. Mwaka huu nimehamia Tabaka kuchonga mawe, na wenzangu wananiita mstaafu kwa utani. Kwa anayeshika nafasi yangu nina ushauri mmoja: kabla hujaandika neno, lisome kama mtu mwenye hasira atakavyolisoma.

Kabla ya kuhama nilikwenda kumuaga Magokoro. Aliniuliza jambo ambalo hakuwa ameniuliza miaka yote hiyo.

"Kwa nini jina langu lilikuwa la kwanza?"

"Nilianza na nyumba zilizo karibu na barabara," nikamjibu.

Ukweli ni kwamba nilipokuwa mdogo, kila tulipokutana naye njiani, mama alinibana mkono hadi apite. Nilipowaza nani angeuawa, nilimwaza yeye kwanza.



"Kutoka barabarani, mjukuu wangu," Magokoro akasema, "nyumba yangu ndiyo ya mwisho."