Siku Niliyokwenda Matangani Kutafuta Nyumba

Haya, kwa kuwa Mwanaisha ameshaanza kuisimulia vibaya huko dobi ya hoteli tunakofanya kazi, acheni niisimulie mwenyewe, maana aibu ikiwa yako ni afadhali uitoe kwa mdomo wako kuliko kungoja ikurudie imetiwa chumvi. Ndiyo, ni kweli. Mimi Saumu, mtu mzima, mtoto wa chuo cha Kurani niliyehitimu juzuu zangu na kufundishwa adabu za matanga tangu sijaota meno ya pili, nilikwenda kwenye matanga ya mtu nisiyemjua kwa sababu nilikuwa naitaka nyumba yake. Msigune kwanza, mtaguna nikimaliza.

Lakini mjue nilikuwa nimefika wapi. Ilikuwa wiki ya tano natafuta nyumba hapa Ukunda. Nilikuwa nalala vyumba vya wafanyakazi pale hotelini, wanawake wanne chumba kimoja, na mtoto haruhusiwi hata kuja kusalimia. Zuhura wangu, miaka tisa, alikuwa kwa mama yangu Kikoneni, na mama magoti yalikuwa yamemshinda, kaka yangu alikuwa karibu kumchukua mama kumpeleka Vanga akamtazame huko. Shule nilishampatia huku, shule inafunguliwa Jumatatu. Baba yake (tumeachana, alhamdulillahi) akaniletea ujumbe kutoka Lunga Lunga kwamba ikifika Jumapili sina pa kumweka mtoto, atakuja kumchukua akakae na mkewe. Na huyo mkewe mimi namjua. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: nyumba ikikosekana, mtoto anakwenda.

Na nyumba hazikuwako, jamani, au zilikuwako lakini hazinitaki. Ya kwanza mwenyewe aliniuliza mume yuko wapi, nikamwambia hakuna, akasema yeye hupangisha watu wenye familia, nikamwambia nina mtoto, akasema mtoto bila mume si familia (sasa mimi na Zuhura ni kitu gani, chama?). Ya pili ilikuwa nzuri, ila choo ni cha vyumba kumi na kimoja na ufunguo anao mpangaji mmoja anayekwenda nao kazini mpaka jioni. Ya tatu, upande wa barabara ya ufukweni, mwenyewe alikuwa amegundua kwamba mgeni wa siku mbili humlipa kuliko mimi wa mwezi mzima, akatia mito miwili na kombe la baharini juu ya meza, basi, nikaambiwa siku hizi ni ya wageni. Ya nne nilipelekwa na dalali mmoja kijana wa bara anayeitwa Kevo, ambaye kwanza alichukua pesa ya kuonyesha, akaniambia, "Madam, hii keja imetulia," (keja ndiyo nyumba kwa lugha yao), tukaingia tukakuta watu wamekaa wanakula chakula cha mchana. Hawakushtuka hata kidogo. Mama mwenye sinia akatuambia karibuni, leo nyinyi ni wa tatu.

Ndipo Alhamisi asubuhi, tunakunja mashuka, Mwanaisha akaniambia fundi Salim amefariki, yule wa kutengeneza mafriji, maskini, kifua, na atazikwa adhuhuri hiyo hiyo. Mimi Salim nilikuwa simjui. Nyumba yake nilikuwa naijua. Ilikuwa Mvindeni, vyumba viwili, choo ndani, vigae chini, maji ya bomba na si ya kisima cha chumvi, kodi anayoiweza mtu kama mimi. Nilishawahi kusimama mlangoni pake nikauliza, nikaambiwa ina mpangaji. Na sasa mpangaji huyo (Mungu anisamehe, ndivyo nilivyowaza) ametoka.

Nikajiambia si kitu, nitakwenda nitoe pole kama Mwislamu yeyote, na nikishatoa pole nimtafute mwenye nyumba kwa upole kabla Kevo na wenzake hawajanusa. Kutoa pole ni thawabu, kutafuta nyumba si dhambi, sasa ubaya uko wapi? Nikaomba ruhusa kazini, nikasema nimefiwa.

Nilifika mazishi yameshapita, wanaume wako nje chini ya turubai, wanawake ndani wamejaa mikekani. Nikavua viatu, nikaingia, "Asalaam alaykum," nikapewa nafasi karibu na mjane mwenyewe, Bi Rukia, mwanamke mwembamba aliyekaa kimya amefunikwa leso mpaka kichwani. Nikampa mkono, nikamwambia pole. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nilipoinua macho nikaona ile nyumba kwa ndani. Dari nyeupe. Dirisha kubwa. Ukutani kuna kijirafu cha vitabu, na mimi kwa mawazo nikakiona kitabu cha shule cha Zuhura kimelala pale. Wiki tano zikanijia zote kwa pamoja, wale wenye nyumba, ule ufunguo wa choo, huyo mke wa Lunga Lunga, nikaanza kulia. Si machozi ya adabu yale ya kufuta kwa ncha ya buibui. Nililia kwa kwikwi mpaka bibi mmoja akanishika mabega akaniambia nisikufuru. Mjane mwenyewe alikuwa halii namna ile.

Sasa nyinyi mnajua. Mwanamke mgeni, hajulikani na yeyote, amekuja peke yake kwenye matanga ya mume wa mtu, analia kumshinda mjane. Mimi ningekuwa nimekaa upande wa pili wa mkeka ningekuwa nimeshamaliza kesi na hukumu nimetoa. Lakini siku hiyo akili ilikuwa kwenye vigae.

Shangazi wa marehemu, mama mnene mwenye sauti ya chini, akanisogelea akaniuliza nilimjua wapi Salim. Hapo ndipo nilipojikwaa, kwa sababu badala ya kusema simjui, nilisema, "Alinisaidia sana, shangazi." Akauliza nina watoto. Nikasema ninaye mmoja, wa kike, yuko Kikoneni. Akauliza umri, nikamwambia tisa. Nikaona wanawake wawili wametazamana, na mimi nikadhani wananionea huruma (baadaye nilikuja kujua kwamba marehemu alikuwa na shamba la mikorosho huko huko Kikoneni, na kila mwezi alikuwa akienda kulitazama na kulala).

Na mimi sikutulia. Nikaomba kwenda chooni, nikavuta maji kuona kama yanapanda, yakapanda. Nikafungua bomba nikaonja, maji baridi. Nikarudi kwa kupitia chumba cha kulala, kilikuwa kitupu wakati ule, nikapima dirisha kwa shibiri ili nijue pazia langu litatosha, shibiri saba na vidole viwili, nageuka, shangazi yule amesimama mlangoni ananitazama. Nikatabasamu. Nikapita nikaenda uani kwa wanawake wanaoosha masufuria, nikashika sufuria na mimi nisionekane mvivu, nikamwuliza aliyekuwa kando yangu, kama mtu anayepiga soga tu, hivi hii nyumba sasa atabaki nayo nani. Yule mama akaacha kusugua. Akafuta mikono, akaingia ndani.

Haikupita muda nikaitwa. Chumba cha nyuma, mlango wa pazia, wamekaa shangazi na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, kaka mkubwa wa marehemu, ingawa hilo nililijua baadaye. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia nikae. Moyo wangu ukafurahi. Nilidhani huyu ndiye mwenye nyumba, habari zimemfikia kwamba kuna mama mstaarabu anatafuta pa kukaa, na hata katika msiba watu wa pwani hawaachi kumsikiliza mtu.

Yule mzee alisema taratibu, kila neno na mahali pake. "Mwanangu, kifo hakifichi kitu. Ikiwa marehemu alikuoa kwa siri, alikosea kutuficha, lakini wewe huna kosa. Haki ya mke hatuidhulumu, wala ya mtoto."

Akaendelea, masikini, kwa huruma yote, kwamba shahidi wa ndoa atatafutwa baadaye, lakini leo nisiondoke, kwa sababu mke aliyefiwa hukaa eda ya miezi minne na siku kumi katika nyumba ya mumewe, na Rukia yuko hapa anakaa yake hapa, basi na mimi nitakaa yangu hapa, hiki chumba cha nyuma kitatolewa vitu, na mtoto aletwe kutoka Kikoneni leo leo.

Eda. Mimi nililelewa nayo, mama yangu mwenyewe aliikaa mbele ya macho yangu. Na wiki tano za madalali zilikuwa zimenifuta kichwa kiasi kwamba haikunipitia akilini hata mara moja kuwa mjane hataondoka. Nyumba niliyovamia matanga kwa ajili yake haikuwa tupu, na haingekuwa tupu kwa miezi minne na siku kumi.

Nitawaambia ukweli kwa sababu nimeshaanza kuusema. Nilinyamaza. Kwa muda wa pumzi tatu hivi nilinyamaza na nikakitazama kile chumba. Kitanda cha Zuhura kingekaa pale. Shule si mbali, angekwenda kwa miguu. Kodi hakuna. Shetani hakuhitaji kuninong'oneza, nilikuwa naifanya kazi yake mwenyewe.

Pazia likafunguliwa, akasimama Rukia. Alikuwa amesikia kila neno, pazia si ukuta. Hakunikaripia, hakunirukia nywele kama ambavyo mimi ningemrukia mtu. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, na akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

Nilipomtazama usoni ndipo nikaona nilichomfanyia. Tangu shangazi alipoanza kunong'ona habari zangu, huyu mwanamke alikuwa amekaa kwenye ule mkeka akiirudia ndoa yake yote, kila safari ya Kikoneni, kila usiku aliolala peke yake akiamini mumewe yuko shambani. Nikasema jina la mtoto ni Zuhura na si wa Salim. Nikasema mimi si mke wa mtu yeyote. Nikasema marehemu sijapata kumwona kwa macho yangu, nilikuwa nimekuja kuulizia nyumba.

Mzee alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Shangazi alisema, "Ndiyo maana akapima dirisha," akimwambia nani sijui. Uani masufuria yalikuwa yamenyamaza, na huko nje chini ya turubai mtu alikohoa kile kikohozi cha mtu anayejizuia.

Rukia alikaa chini polepole, akajifuta uso. Nikadhani atafurahi, maana mumewe amerudi kuwa wake peke yake. Akaniambia, "Afadhali ungekuwa mke mwenzangu. Yeye angekuwa amekuja kumlilia Salim."

Nikaomba radhi. Sijui niliomba kwa maneno gani. Nikatoka kwa kupita katikati ya wale wanawake wote, na mlangoni, kwa kuwa siku ikiharibika huharibika mpaka miguuni, viatu vyangu sikuviona. Kulikuwa na ndara kama mia, nyeusi zote, na mimi nimeinama nazigeuza moja moja huku matanga mazima yamenyamaza yananingoja nimalize. Nikaviacha. Nilitembea peku mpaka barabara ya lami, saa tisa, jua la saa tisa la Ukunda, na kila hatua nikisema nimestahili.

Kabla ya magharibi hoteli nzima ilikuwa na habari, na mpishi mmoja tangu siku hiyo huniuliza leo nazika wapi. Jumapili nikachukua chumba kimoja Bongwe ambacho nilikuwa nimekikataa mara mbili, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga unga, kila kitu ndani kina vumbi jeupe, Zuhura anakwenda shule na nyusi za bibi kizee. Lakini anakwenda, na anarudi kwangu. Baba yake alikuja akatazama, akapiga chafya, akaondoka.

Nimejiwekea nadhiri: matangani nitakwenda kwa maiti ninayemjua, nitainama, nitatoa pole, nitatoka, na nyumba nitaitafuta kwa walio hai hata wakinitesa.

Juzi Mwanaisha ameniletea salamu. Eda ya Rukia imekwisha, anarudi kwao Majoreni, na amesema yule dada aambiwe nyumba sasa iko tupu, na yeye Rukia ameshamwomba mwenye nyumba ampe huyo dada kwanza kabla ya madalali. Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Ingekuwa ni kofi ningejua la kufanya, lakini nadhani yule mwanamke ni mwema tu, na mimi huo wema siwezi kuukalia ndani. Zuhura alisikia salamu zikitolewa, akaniuliza tunakwenda lini kuiangalia. Nimemwambia inavuja.