Alama ya Kisu Kwenye Bati la Ndege

Admin, funika jina langu vizuri, watoto wangu wanasoma hii page. Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, upande wa Kathonzweni, na kuna jambo nimelibeba tangu miaka ya themanini.

Wakati huo nilifanya kazi kwenye karakana ya ndege ndogo karibu na Kitui. Nilikuwa mchonga vinyago, wakanichukua nichonge kalibu za mbao ambazo bati la ndege lilikunjiwa juu yake. Rafiki yangu Musyoka ndiye aliyelilainisha baadaye: anagongagonga mabonde yaishe, anapiga msasa, anasugua mpaka unajiona uso. Sheria ilikuwa bati lichorwe kwa penseli tu. Mkwaruzo mdogo ukibaki kwenye kona, ndege ikitetemeka huko juu, ufa unaanzia hapo.

Siku moja nikamsaidia Musyoka kuchora bati, nikatumia ncha ya kisu, vile tunavyochora mti. Mkono ulizoea tu. Lilipokunjwa, fundi mkuu akaona ufa mwembamba kama unywele.

"Kulainisha ni kazi ya nani?" akauliza. Hakungoja jibu. Alimpiga Musyoka teke la tumbo, akamkanyaga mdomo mpaka meno mawili yakaanguka kwenye vumbi la msasa. Sikusema kwamba kisu kilikuwa changu. Kisha akaniambia, "Wewe, shika mkono wake hapa," juu ya kalibu niliyochonga mwenyewe. Nikaushika. Aligonga vidole kwa nyundo mara tatu, nikasikia mifupa ikivunjika.

"Ndugu yangu, niachilie," Musyoka alilia. Sikumwachilia. Niliogopa, huo ndio ukweli.

Mpaka leo vidole vitatu havikunjiki, anapura ndengu kwa mkono mmoja. Yule fundi alishakufa na sina chozi lake.

Sasa kijana wangu anataka kumuoa binti ya Musyoka. Jumamosi tunapeleka mbuzi za ntheo, zikichinjwa msichana ni wetu. Jana Musyoka alinipigia simu: "Mzee, nimefurahi sana. Ile siku wewe ulilazimishwa tu. Na si ni wewe ulinifunga mkono kitambaa baadaye?"

Nikasema amina. Amina, jamani!

Msinitukane kwa comments, nimeshajitukana vya kutosha. Nikisema ukweli wa kile kisu, ambao Musyoka hajui hadi leo, naharibia watoto harusi. Nikinyamaza, Jumamosi atanipokea mlangoni na kunipa ule mkono niusalimie. Nishaurini, nifanye nini?